Askari walimfutisha mwanangu picha za treni. Nimrudishie kamera?

Shikamoo Bibi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Tabora, na huu ni mwaka wangu wa kumi na saba hapa Uingereza. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu za usiku. Nakuandikia habari za mwanangu wa kati. Nimwite Salum, ingawa silo jina lake. Ana miaka 15.

Salum anapenda treni tangu akiwa na miaka sita. Baba yangu alikuwa fundi wa reli Tabora, na kila Jumapili yeye na mjukuu wake huongea kwa simu habari za vichwa vya treni mpaka bando la mzee linakwisha. Mtoto ana daftari anamoandika namba ya kila kichwa alichokiona, stesheni gani, saa ngapi, na kilikuwa kinavuta nini. Mwaka jana shangazi yake alimnunulia kamera iliyotumika. Tangu hapo kila Jumamosi asubuhi yuko mwisho wa jukwaa la stesheni fulani, na jioni anamtumia babu yake picha.

Siku kumi na moja zilizopita alikwenda stesheni ya mji wa jirani, ambayo sitaitaja. Alikuwa anasubiri treni iliyovutwa na vichwa viwili vya zamani, aina ya 37, alivyosikia vitapita saa nne na dakika kumi. Vilipita kweli, akapiga picha zake. Kabla hajaziangalia vizuri akaona askari wawili wanamjia. Wakamuuliza anapiga picha za nini na anampigia nani. Akajibu anajipigia mwenyewe. Wakamuuliza tena, anampigia nani. Wakachukua jina lake, tarehe ya kuzaliwa na anwani yetu. Wakamwambia avue begi, wakatoa kila kitu: chakula chake, sweta, daftari. Daftari ndilo walilolishikilia. Askari mmoja akafunua kurasa, akakuta namba na saa, namba na saa, ukurasa hadi ukurasa. Akamuuliza, hizi ni saa za nini? Mwanangu anasema hapo ndipo sauti ilipomkauka. Jambo ambalo humsimulia babu yake saa nzima alishindwa kulieleza hata kwa sentensi moja.

Mwishowe yule wa pili akamwambia afute picha zote za siku ile, mbele yake, ndipo aende. Akafuta. Hawakumpa karatasi yoyote wala kumwambia wanatumia sheria gani. Yote yalichukua kama dakika ishirini na tano, abiria wakiangalia.

Bibi, kuna jambo moja analolirudia. Mwisho wa jukwaa lilelile walikuwepo wazee wawili wa Kizungu, kamera zao kubwa kuliko yake, na mmoja ana stendi ya miguu mitatu. Anawafahamu kwa sura, huwa wanasalimiana. Hawakuulizwa chochote. Na wao hawakusema chochote.

Aliporudi alinikuta nimelala, nimetoka zamu. Akaniamsha akanieleza. Nilichokifanya hapo ndicho kinachonikosesha usingizi. Nilimgombeza. Mimi nimekulia karibu na reli, na tangu utoto tuliambiwa stesheni, daraja, bandari na kambi ya jeshi havipigwi picha, na anayepiga anatafuta matatizo. Nikamwambia, sisi si wa hapa, kaa kimya. Akaniangalia akasema, “Mama, mimi nimezaliwa hapa.” Nikachukua kamera nikaifungia kwenye sanduku la nguo.

Toka siku hiyo hatoki. Jumapili mbili zimepita hataki kuongea na babu yake, na mzee ananiuliza kama amemkosea. Mume wangu anasema tuliache lipite, kwa sababu tukilalamika tutaandikwa, na maombi yetu ya uraia bado hayajajibiwa. Mimi sijui nifanye nini. Je, mtoto alivunja sheria? Tulalamike au tunyamaze? Na kamera nimrudishie, au nimlinde kwa kuificha?

Mama Salum
Uingereza

*

Marahaba mwanangu, Mama Salum.

Mrudishie kamera. Mrudishie leo akitoka shule, kabla hujamaliza kusoma majibu haya kama unaweza. Nitakueleza sababu, lakini mtoto asisubiri sababu zangu.

Kuna mambo yasiyongoja safu hii kuchapishwa, na hayo nilikuandikia kwa barua pepe siku ileile barua yako ilipofika. Nayarudia kwa faida ya wazazi wengine, maana siku ni chache. Askari wengi wa nchi hii huvaa kamera kifuani. Picha zake, kama hazijawekwa alama kuwa ni ushahidi, kwa kawaida hufutwa baada ya siku 31. Kamera za ulinzi za stesheni nazo hazitunzi picha milele. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa, hata kabla hujaamua kulalamika, andika kwa jeshi la polisi linalohusika na kwa kampuni inayoendesha stesheni. Taja tarehe, saa, jukwaa na nguo alizovaa mtoto, uwaombe wasifute, na useme unataka nakala ya picha zinazomhusu. Sheria ya kulinda taarifa binafsi inakupa haki hiyo bila malipo, na wana mwezi mmoja wa kujibu. Kama hujui ni jeshi gani, mwulize Salum walivyovaa na kilichoandikwa mgongoni, kwa kuwa reli ina polisi wake, British Transport Police, lakini na polisi wa eneo huingia stesheni pia. Askari wa ngazi za chini huwa na namba begani. Pengine anakumbuka tarakimu mbili tatu, na mtoto anayekariri namba za vichwa vya treni huenda akakushangaza.

La pili ni memori kadi. Asipige picha nyingine hata moja kwa kadi ile. Picha iliyofutwa kwenye kamera kwa kawaida haijaondoka, ni nafasi yake tu imetangazwa kuwa wazi, na ikipigwa nyingine juu yake ndipo inapotea. Zipo programu za kurejesha picha, nyingine za bure, na fundi wa kompyuta anaweza kuifanya kazi hiyo. Mkizipata, mtakuwa na vitu viwili: ushahidi wa kilichofutwa, na treni yake ya saa nne na dakika kumi.

La tatu, aandike mwenyewe kilichotokea. Kwa mkono wake, kwa lugha anayoiweza zaidi, tangu alipowaona mpaka walipoondoka. Usimsaidie maneno.

Sasa swali lako la kwanza. Hapana, mwanao hakuvunja sheria. Katika England na Wales hakuna sheria inayomkataza mtu kupiga picha ya treni au ya stesheni kwa ajili yake mwenyewe. Stesheni ina mwenyewe, kwa hiyo anaweza kuweka masharti, na masharti hayo yameandikwa wazi. Network Rail, wanaomiliki njia na stesheni, wana mwongozo maalumu wa wapenzi wa treni unaosema wanakaribishwa. Unawataka watoe taarifa kwa wafanyakazi wanapofika, wakae nyuma ya mstari wa njano, wasipande juu ya kitu chochote, na wasitumie mwanga wa flashi jukwaani kwa sababu unaweza kumchanganya dereva. Picha za kuuza zina kibali chake. Mitambo ya ulinzi, kama zile kamera zenyewe, haipigwi. Akivunja masharti hayo, mfanyakazi anaweza kumwambia aondoke. Kuingia relini ni jambo jingine kabisa, hilo ni kosa la jinai na faini yake inafika pauni 1,000. Kwa maelezo yako Salum hakufanya lolote kati ya hayo.

Nataka pia ujue mwanao ameingia kwenye mchezo wa kale sana wa nchi hii. Mwaka 1942, katikati ya vita kuu, kijana wa miaka 20 aitwaye Ian Allan alikuwa karani wa kampuni ya reli ya Southern. Watu walikuwa wanaandika barua nyingi kuuliza namba na majina ya vichwa vya treni, akachoka kuwajibu mmoja mmoja, akavikusanya kwenye kijitabu. Kiliuzwa kikaisha, vikafuata vingine, na kwa miaka mingi baadaye wavulana kwa maelfu walisimama mwisho wa majukwaa wakiwa na vijitabu vile na penseli, wakikata mstari chini ya kila namba waliyoiona. Daftari la Salum ni mtoto wa kijitabu kile. Askari anayefanya kazi stesheni akaona namba na saa zimeandikwa kwenye daftari la kijana mwenye kamera asijue ni nini, huyo anahitaji kufundishwa kazi yake. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mtoto aliaibishwa kwa kitu kizuri kuliko vyote alivyo navyo.

Je, askari walikosea kumfuata? Hapo nitakuwa mkweli kwako. Katika stesheni za Uingereza kila dakika chache spika inawaambia abiria wakiona jambo lisilo la kawaida waseme, au watume ujumbe kwa namba 61016. Mtu mmoja akituma, askari lazima aje kutazama. Kuja, kusalimia, kuuliza “unapiga nini leo?”, hilo ni haki yao, na kijana akijibu kwa ufupi yanaisha. Tunasafiri kwa treni hizo sisi na watoto wetu, na tunataka mtu awe anaangalia. Wangeishia hapo, nisingekuwa na neno.

Hawakuishia hapo. Kumpekua mtu mfukoni au begini kunahitaji sheria, na sheria hizo zina majina. Ya kawaida ni kifungu cha 1 cha Sheria ya Polisi na Ushahidi wa Jinai ya mwaka 1984: askari lazima awe na sababu za msingi za kushuku kwamba una mali ya wizi, silaha au kitu kingine kilichokatazwa. Dawa za kulevya zina kifungu chake. Kwa ugaidi kuna kifungu cha 43 cha Sheria ya Ugaidi ya mwaka 2000, nacho kinataka askari ashuku kwa sababu za msingi kwamba wewe ni gaidi. Zipo pia amri za muda, zinazotolewa na afisa wa cheo cha juu kwa eneo maalumu, lakini hata hizo lazima uambiwe. Kabla ya kumgusa mtu, askari anatakiwa amweleze anatafuta nini, kwa sababu gani, kwa sheria ipi, yeye ni nani na wa kituo gani, na kwamba ana haki ya kupata nakala ya kumbukumbu ya upekuzi. Nakala hiyo inaweza kudaiwa hata baadaye, ndani ya miezi 3. Salum hakuambiwa hata moja kati ya hayo.

Na kufuta picha? Hakuna askari mwenye mamlaka ya kufuta picha yako wakati wa upekuzi, wala ya kukuamuru uifute. Polisi wa London wameliandika hilo katika mwongozo wao wenyewe kuhusu wapiga picha. Akimshuku mtu kuwa gaidi kwa kifungu cha 43, anaweza kuangalia picha na kuichukua kamera kama ushahidi. Hebu fikiri kidogo: kama picha zile zilikuwa za hatari, askari anafutishaje ushahidi? Na kama hazikuwa za hatari, amezifutisha kwa nini? Swali hilo liweke kwenye malalamiko kama lilivyo, kwa sababu sioni jibu lake.

Hofu yako haikutoka hewani, mwanangu, na si ya Tabora peke yake. Hapahapa kulikuwa na kipindi cha namna hiyo. Kifungu cha 44 cha ile sheria ya ugaidi kiliwaruhusu askari, katika maeneo yaliyotangazwa, kumpekua mtu yeyote bila kumshuku kwa lolote. Wapiga picha walikiona cha moto. Mwaka 2008 mwanafunzi wa miaka 15, mwenye sare ya shule, alisimamishwa nje ya stesheni ya Wimbledon alipokuwa anapiga picha kwa ajili ya kazi ya jiografia. Miaka 15, Mama Salum, umri wa mwanao. Januari 2010 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaamua, katika kesi ya Gillan na Quinton, kwamba kifungu kile kinakiuka haki ya mtu ya kuheshimiwa maisha yake binafsi. Mwezi huohuo wapiga picha walijaa Trafalgar Square kupinga kusumbuliwa. Julai waziri wa mambo ya ndani, Theresa May, akawazuia polisi kukitumia dhidi ya watu wasioshukiwa, na mwaka 2012 kikafutwa kwa sheria mpya. Hesabu ya mwaka mmoja tu, 2009/10, ilionyesha watu 101,248 waliopekuliwa kwa kifungu hicho. Hakuna hata mmoja aliyekamatwa kwa kosa la ugaidi.

Kwa hiyo lililomkuta Salum lina historia, na historia hiyo ilibadilika kwa sababu watu walilalamika. Vijana wakiwemo. Juni 2010 huko Romford, London, mpiga picha kijana alizuiwa na polisi alipokuwa anapiga picha za gwaride la vijana wa kadeti. Alirekodi mazungumzo kwa simu yake, tena kwa utulivu wa kushangaza. Baadaye jeshi la polisi lilimwomba radhi na kumlipa fidia.

Nije kwa wale wazee wawili, kwa sababu najua ndipo panapouma. Sikuwepo, na siwezi kusoma moyo wa askari. Lakini takwimu za serikali yenyewe za mwaka ulioishia Machi 2023 zinaonyesha kuwa katika England na Wales mtu mweusi alikuwa na uwezekano wa kupekuliwa mara 4 hivi kuliko Mzungu. Mwanao ameona kwa macho yake kamera tatu mwisho wa jukwaa, na moja tu ikaulizwa. Usimwambie amekosea kuona. Watoto wetu wakituambia jambo la namna hii tunakimbilia kusema “labda hawakukusudia”, tukidhani tunawapoza, na wao wanachosikia ni kwamba hata nyumbani hawaaminiki. Mwambie: nakuamini. Kisha kwenye malalamiko andikeni tu walivyokuwa wamesimama na nani aliulizwa. Hilo halihitaji kupambwa.

Wazee wale wanaweza kuwa mashahidi. Salum anawafahamu kwa sura, na watu wa treni wana mazoea: Jumamosi saa nne watakuwa palepale. Sijui kwa nini walinyamaza. Mtu mwingine hunyamaza kwa woga, mwingine kwa mshangao, akarudi nyumbani akajuta. Wapeni nafasi ya kusema sasa.

Malalamiko yenyewe hupelekwa kwa jeshi la polisi lilelile, kwenye fomu iliyo katika tovuti yao, au kwa kupitia IOPC, ofisi huru inayosimamia malalamiko dhidi ya polisi. Fanyeni ndani ya miezi 12, lakini kwa ajili ya zile picha za kamera fanyeni wiki hii. Unaweza kulalamika kwa niaba ya Salum akikupa ruhusa yake kwa maandishi. Andikeni mnachotaka: kuombwa radhi, maelezo ya sheria iliyotumika, kumbukumbu ya upekuzi, na askari wale wafundishwe. Jibu lisiporidhisha, mna siku 28 za kuomba liangaliwe upya. Mpeni kila barua tarehe na mtunze nakala. Siwaahidi kwamba mtashinda. Malalamiko mengi huishia kwenye barua baridi ya ukurasa mmoja. Hata hivyo kumbukumbu inabaki, na atakayekuja kuwalalamikia askari haohao hatakuwa wa kwanza.

Mwambie mumeo, kwa heshima zote, kwamba woga wake naufahamu. Nimeishi hapa na karatasi za muda kwa miaka, najua mtu anavyojifunza kutembea kando ya ukuta. Lakini kusimamishwa na kupekuliwa si kukamatwa wala kushtakiwa, na hakumpi mtoto rekodi ya jinai. Kulalamika dhidi ya polisi ni utaratibu uliowekwa na sheria ya nchi hiyohiyo mnayoomba uraia wake. Kama kuna jambo jingine kwenye maombi yenu linalomtia wasiwasi, amwone wakili wa uhamiaji aliyesajiliwa, aulize waziwazi. Asimwache mtoto alipie wasiwasi ambao haujaulizwa.

Na wewe, Mama Salum. Ulitoka zamu ya usiku, ukaamshwa kwa habari ya polisi, ukasema ulichofundishwa ukiwa mdogo. Hakuna mama wa kwetu asiyekuelewa. Lakini tazama jinsi mtoto alivyoyaona. Askari walichukua picha za siku moja. Mama alichukua kamera. Alikuja kwako akiwa ameonewa, akatoka akiwa na hatia. Nadhani ndiyo maana haongei na babu yake. Haoni haya kwa sababu ya askari. Anaona amemletea babu aibu kwa kile kitu walichokuwa wanakipenda wote wawili.

Kwa hiyo ukimpa kamera, mpe na maneno. Mwambie, “Nilikosea. Niliogopa, nikakugombeza wewe badala ya kuwakasirikia wao.” Usieleze zaidi ya hapo, wala usitie “lakini”. Watoto wa miaka 15 huondoka chumbani mama akiomba radhi, kwa hiyo akiondoka usimfuate.

Halafu mpigie baba yako umweleze yote. Usimfiche kwa sababu ya uzee. Mtu aliyefanya kazi reli ya kati amewahi kuhojiwa na wakubwa wenye sare, naye anayo yake ya kusimulia. Mwombe yeye ndiye ampigie mjukuu, wala asianze na habari za askari. Aanze na zile aina ya 37: zilikuwa zinavuta nini, mlio wake ukoje, zimetengenezwa mwaka gani. Salum atamwambia ni za miaka ya 1960 mwanzoni, na zipo zinazofanya kazi mpaka leo, zaidi ya miaka 60. Mzee atabisha. Waache wabishane.

Akiwa tayari kurudi, na asisukumwe, mfanye naye mazoezi ya maneno machache, kwa sauti, mkiwa jikoni, kwa sababu sauti iliyokauka siku ile inaweza kukauka tena. “Napiga picha za treni, ni mapenzi yangu tu.” “Je, nimezuiwa, au naweza kwenda?” “Mnanipekua kwa sheria gani?” “Naomba nakala ya kumbukumbu ya upekuzi.” “Sikubali kufuta picha.” Aseme polepole, mikono ionekane, asikimbie na asimguse askari. Wakisisitiza kumpekua asizuie, aseme tu kwamba hakubaliani, ayahifadhi ya kulalamikia baadaye. Kwa upekuzi wa kawaida halazimiki kutaja jina wala anwani, isipokuwa anatuhumiwa kuvunja kanuni za reli au kosa jingine. Ana haki ya kurekodi kwa simu. Hadharani hawaruhusiwi kumvua zaidi ya koti, jaketi na glavu. Na wakitaka kumpeleka kituoni, kwa kuwa hajafika miaka 18, lazima mzazi ajulishwe na mtu mzima wa kumsimamia awepo kwenye mahojiano, kwa hiyo namba yako ya simu aijue kwa kichwa, isiwe kwenye simu tu. Akifika stesheni apite kwanza kwa wafanyakazi, aseme yupo na atakuwa jukwaa gani. Mwongozo wa Network Rail uchapeni nakala mbili, moja ikae kwenye begi na nyingine kwenye daftari.

Jumamosi ya kwanza nenda naye, kama zamu inakuruhusu, na kama haikuruhusu badilishana na mwenzako. Chagueni stesheni ileile. Beba chai kwenye chupa na kitu cha kujifunika, maana mwisho wa jukwaa pana upepo. Kaa kwenye benchi mbali kidogo, pale anapokuona. Askari wakija, usinyanyuke kwanza. Mwache ajibu yeye.

Bibi